Mgeni wa Kila Siku: Kisa cha Mwanafunzi wa Kiswahili Mjini Moshi

Usuli

Kisa hiki kinamhusu mwanafunzi wa kike kutoka nchi moja ya Ulaya aliyekuja Moshi mwezi Agosti kusoma Kiswahili kwa miezi kumi. Majina, mtaa, kituo cha lugha na usharika vimeachwa kwa makusudi, na mambo mawili matatu yasiyoathiri maana ya kisa yamegeuzwa ili wahusika wasitambulike. Mwanafunzi, mama mwenyeji na mratibu wa kituo walizungumza nami kila mmoja kwa wakati wake, na wote waliridhia kisa kiandikwe kwa ajili ya walimu wanaofundisha Kiswahili kwa wageni na familia zinazowapokea.

Mwanafunzi alikuwa amekwisha kusoma Kiswahili chuoni kwao, na kwa vipimo vya Ulaya vinavyoanzia A1 hadi C2 alikuwa amefika B1. Alisoma gazeti bila shida kubwa, na alizijua ngeli kwa mpangilio kuliko wengi wetu ambao hatujawahi kulazimika kuzihesabu. Alikuwa na kibali cha ukaazi daraja C, ambalo ndilo daraja la wanafunzi. Masomo yalikuwa asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa sita. Mchana na jioni vilitengwa, kwa maneno ya ratiba ya kituo, kwa ajili ya “kuishi na lugha”. Ratiba haikueleza mtu anaishije na lugha.

Nyumba aliyopangiwa ilikuwa ya mama wa makamo mwenye duka dogo la mahitaji mbele ya nyumba, ambaye mumewe alifanya kazi Dar es Salaam na kurudi mara chache. Walikuwapo watoto wawili wa sekondari na dada wa kazi aliyetoka Singida. Mama alilipwa na kituo kila mwezi kwa malazi na chakula, na alikabidhiwa mwongozo wa kurasa mbili ulioeleza wajibu wake: chumba chenye kufuli, maji ya kunywa yaliyochemshwa, milo mitatu, na kwamba mwanafunzi asipewe kazi za nyumbani. Sharti hilo la mwisho liliongezwa baada ya mwanafunzi wa miaka ya nyuma kulalamika kwamba alifanywa mfuaji wa nguo za nyumba nzima.

Miezi ya kwanza

Mapokezi yalikuwa mazuri kupita kiasi. Mwanafunzi aliandaliwa peke yake kwenye meza ya chakula, akiwa na hotipoti zake na sahani ya matunda, huku wenyeji wakila kwenye makochi wakitazama taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kila aliponyanyua sahani aipeleke jikoni, mama alimpokonya kwa upole: “Acha mwanangu, dada atatoa.” Jikoni ndiko dada na watoto walikopiga soga jioni nzima, na yeye aliingia huko kusema usiku mwema tu.

Salamu alizimudu. Asubuhi alimwamkia mama, akaulizwa za kulala, akajibu; akaulizwa kama ameshiba, akajibu kwamba ameshiba; na mazungumzo yakaishia hapo mpaka jioni. Watoto nao walikuwa na shida zao. Masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na walipompata mzungu ndani ya nyumba waliona wamepata mwalimu wa bure, hivyo kila alichosema kwa Kiswahili walikijibu kwa Kiingereza.

Mjini hali ilikuwa hiyo hiyo kwa sura nyingine. Vijana wanaowinda watalii wa kupanda mlima karibu na stendi walimfuata kwa Kiingereza hatua kwa hatua, na Kiswahili chake kiliwachekesha lakini hakikuwageuza. Kufikia Oktoba alikuwa anachukua bajaji kutoka geti la nyumbani hadi geti la kituo. Wakati huo huo alifahamiana na vijana wa kujitolea kutoka nje, ambao Moshi haiwakosi; wakawa wanakutana kwenye migahawa ya mjini, na mwisho wa juma wanakwenda kuogelea Chemka au kutazama maporomoko ya Materuni. Huko alicheka na alisikilizwa, lakini hapakuwa na Kiswahili zaidi ya kuagiza chakula.

Walimu waliliona tatizo darasani kabla ya mtu yeyote kulitaja. Aliweza kueleza habari ya gazeti kuhusu bei ya kahawa kwa mpangilio mzuri, lakini alipoombwa asimulie kilichotokea njiani asubuhi ile alitoa sentensi fupi zilizopangwa kama matofali, zote za wakati uliopita, zimeunganishwa kwa “na halafu, na halafu”.

Rafiki wa kulipwa

Mwezi Oktoba kituo kilichukua hatua mbili. Ya kwanza ilikuwa kupiga marufuku Kiingereza ndani ya uzio, na matokeo yake pekee yalikuwa wanafunzi kunyamaza zaidi wakati wa chai. Ya pili ilionekana ya busara. Mratibu aliamini kwamba upungufu ulikuwa wa saa za mazungumzo, kwa hiyo akamtafutia mwanafunzi rafiki, binti wa rika lake aliyesoma chuo hapa mjini, wawe wanakutana mara mbili kwa wiki, na binti huyo apewe posho kwa kila kikao.

Walikutana mgahawani juu ya soda mbili. Binti alikuja na maswali aliyoyaandaa: unapenda chakula gani, kwenu kuna baridi kiasi gani, una ndugu wangapi. Kwa kuwa alilipwa aliona ni wajibu wake kusaidia, na kila mwanafunzi alipokwama alimalizia sentensi yeye. Wakikwama wote waliteleza kwenye Kiingereza, ambacho binti naye alitaka kukinoa. Novemba posho ilichelewa na vikao vikakoma bila yeyote kumpigia mwenzake simu. Mwanafunzi aliniambia kwamba baada ya muda aligundua hakuwa amemkumbuka yule binti hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi kuliko kukosa mazoezi.

Krismasi mlimani

Kila anayeishi Moshi anajua Desemba inavyokuwa. Wachagga waliotawanyika Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na kwingineko hurudi nyumbani, barabara hujaa magari, na migomba iliyokaa kimya mwaka mzima hujaa watu. Mama mwenyeji alimchukua mwanafunzi hadi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo la migomba, kwa moyo mweupe, akiamini kwamba hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko zote anazoweza kumpa.

Huko, hata hivyo, lugha ya nyumba ilikuwa Kichaga, tena Kichaga cha upande ule. Kwa maana lahaja ya Machame na ile ya Rombo zimetofautiana kiasi kwamba watu wa mlima mmoja wanaweza kuhitaji Kiswahili ili waelewane. Palikuwa na mtori, nyama na mbege, palikuwa na vicheko, na mwanafunzi alitafsiriwa utani baada ya wengine kwisha kucheka. Siku ya tatu alisema tumbo linamsumbua, akapanda gari la kushuka mjini, akamalizia sikukuu pamoja na wenzake wa kujitolea. Alimwambia dada wa kazi tu. Bibi mwenye nyumba, ambaye tayari alikuwa amemtengea fungu la nyama la kuondokea, hakuagwa. Mama alipelekewa ujumbe wa simu, na simu yake haikuwa na chaji mpaka kesho yake.

Januari mama alikwenda kituoni kusema kwamba hataendelea. Maneno yake, kama mratibu alivyoyakumbuka, yalikuwa haya: “Nimemlea kama yai, na bado amenikimbia mbele ya mama mkwe.”

Kikao

Palikuwa na njia tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa kumhamishia mwanafunzi kwa familia nyingine, ambayo ilikataliwa kwa sababu hakuna aliyeweza kueleza familia nyingine ingefanya nini tofauti. Ya pili, ambayo mwanafunzi mwenyewe aliipenda, ilikuwa akaishi kwenye hosteli pamoja na wale wa kujitolea. Mratibu aliona kwamba hiyo ingekuwa sawa na kumrudisha kwao bila nauli ya ndege. Ya tatu ilikuwa abaki na kitu fulani kibadilike, ingawa wakati huo hakuna aliyejua ni kitu gani.

Mwalimu mmoja wa siku nyingi alishauri kikao kisifanyike ofisini bali sebuleni kwa mama, kwa kuwa lawama ilikuwa ya nyumba na nyumbani ndiko inakosuluhishwa. Ushauri huo ulikuwa na thamani kuliko yote yaliyotangulia. Mwanafunzi alianza kwa kuomba radhi kwa kutoaga, kwa Kiswahili cha kubabaika lakini chake mwenyewe. Mama akamuuliza kwa nini aliondoka. Akajibu: “Mama, hapa mimi ni mgeni kila siku.”

Mama hakujibu. Aliinuka, akafungua droo ya kabati, akatoa ule mwongozo wa kurasa mbili uliokuwa umetunzwa ndani ya mfuko wa plastiki, akauweka mezani na kuweka kidole kwenye mstari wa kazi za nyumbani. Ndipo ilipofahamika kwamba miezi yote hiyo alikuwa akihofu kwamba sahani moja tu ikioshwa na mwanafunzi, taarifa ingefika kituoni na malipo yangesimamishwa. Alichokuwa akikifuata kwa uaminifu ni karatasi. Kwa desturi yake mwenyewe, mgeni hukaa siku mbili, ya tatu hupewa jembe.

Mstari ule ulifutwa palepale kwa kalamu, na badala yake wakakubaliana kwamba mwanafunzi afanye sehemu ya kazi ambayo binti wa nyumba wa umri wake angeifanya: kuosha vyombo vya usiku na kwenda na dada soko la Mbuyuni kila Jumamosi. Mama alipendekeza pia awe anakaa dukani jioni, lakini mratibu alikataa kwa sababu kibali cha masomo si kibali cha kazi, na mtu wa uhamiaji akimkuta mgeni nyuma ya kaunta, mwenye kusumbuliwa wa kwanza ni mwenye duka. Kukataa huko kulimuudhi mama kidogo, ingawa kulikuwa sahihi. Ndipo akataja kwaya ya usharika ambamo yeye aliimba sauti ya pili.

Mwanafunzi hakuwa mtu wa dini na alilisema hilo wazi kwa mwalimu wa kwaya, ambaye alimjibu kwamba Jumapili ni hiari yake, ila mazoezini afike mapema.

Daftari la faini

Kwaya yenyewe haikuleta mazungumzo. Kwa wiki kadhaa aliimba maneno ya karatasini, akashika sauti yake, akarudi nyumbani na mama. Wanaodhani kuimba kunatosha kumfanya mtu azungumze wangemwona katika wiki hizo.

Februari, mwanakwaya aliyetunza daftari la mahudhurio alihamishwa kikazi. Katiba ya kwaya ilitaka anayechelewa alipe shilingi 500 na anayekosa bila udhuru alipe 1,000, na mtunza daftari aliyeondoka alikuwa amelaumiwa kwa kuwapendelea jamaa zake. Mwalimu akasema kwa mzaha kwamba dada huyu hana ndugu humu ndani. Watu wakacheka, kisha wakaona kwamba amesema kweli, na daftari likawa lake.

Kuanzia siku hiyo alikaa mlangoni na kalamu, na kila aliyechelewa alikuwa na hadithi. Fundi mmoja wa pikipiki, mwimbaji wa sauti ya nne, alijaribu kumpita: “Dada, mimi andika nimetoa udhuru.” Akamuuliza, “Udhuru ulimpa nani?” Ukumbi mzima ukapiga makofi, na fundi akatoa mia tano huku akilalamika kwamba wazungu hawana huruma. Wiki iliyofuata alifika wa kwanza, akamtaka aandike saa aliyofika kwa wino mwekundu.

Walimu wa lugha tunapaswa kuangalia ni lugha gani ilipita pale mlangoni. Udhuru ni masimulizi: nilikuwa nimeshatoka, ikaanza mvua, nikarudi kuchukua mwavuli, nikakuta mtoto ameamka. Ni masharti pia: ningewahi kama daladala isingeharibika. Umbo la -ka- ambalo darasani alilijaza kwenye mapengo bila kosa, lakini halikumtoka mdomoni, hapo alilisikia mara nyingi kwa jioni moja, kutoka kwa watu waliokuwa na shilingi zao za kutetea, naye akalihitaji ili awahoji. Masika yalipoingia akajifunza na kutilia shaka: “Mbona mvua hiyo hiyo haikumzuia aliyetoka Pasua?” Kila mtu alilazimika kumjibu, na kumjibu kwa Kiswahili, kwa maana hakuna anayeomba kusamehewa faini kwa lugha ya kigeni mbele ya wenzake.

Aprili mwanakwaya mmoja alifiwa na baba yake kijijini na kwaya ikakodi gari kwenda msibani. Mwanafunzi aliwekewa kiti cha mbele chini ya turubai, pamoja na watu wa heshima. Mwimbaji mwenzake alikuja akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba kwenye rundo la ndizi, akampaka mafuta ya kula viganjani ili utomvu usimgande, akampa kisu. Alimenya polepole na vibaya. Alikaa pale na wanawake wale mchana kutwa, wakimsimulia marehemu alivyokuwa mkali na alivyopenda ng'ombe wake kuliko watoto.

Matokeo

Mwisho wa mwaka wa masomo alisimulia kwenye mtihani wa mdomo safari nzima ya msibani bila kusita sana, na msikilizaji wa nje alimweka katika B2. Katika maandishi hakusogea; insha yake ya mwisho ilikuwa na lugha ya mlangoni mahali palipohitaji lugha ya gazeti, na upatanisho wa ngeli ambao Agosti ulikuwa safi ulikuwa umelegea. Chuo chake kilimtaka aiandike upya. Bibi wa mlimani aliagwa kwa mara ya pili, ipasavyo, na fungu la nyama likatolewa.

Si kila uhusiano ulikwenda vizuri. Alipojulikana kwenye kwaya alianza kupokea kadi za michango ya harusi na sendofu, baadhi zikiwa na matarajio ya mfuko wa Ulaya. Mama alikata shauri kwamba atachangia kiasi kile kile anachochangia binti yeyote wa kwaya ambaye hajaolewa, na kwamba kadi zote zipitie kwake kwanza. Utaratibu huo ulizuia mengi, ila si yote: mwenzake mmoja alimkopa ada ya mtoto kwa siri, deni halikurudi, na wawili hao waliacha kusalimiana vizuri. Mwanafunzi hakumwambia mama mpaka wiki aliyoondoka.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema kwamba kwaya ndiyo iliyofanya kazi. Mimi siamini hivyo. Kwaya ilikuwapo tangu Januari na mazungumzo yalianza Februari, pale alipopewa kazi ambayo wengine waliihitaji na ambayo isingefanyika bila kusema na watu. Mtafiti Bonny Norton, aliyewafuatilia wanawake wahamiaji waliokuwa wakijifunza Kiingereza nchini Kanada, alieleza mwaka 1995 kwamba mjifunzaji kusema au kutosema kunategemea pia kama walio mbele yake wanamhesabu kuwa mtu anayestahili kusema na kusikilizwa. Mwenye daftari alistahili kusikilizwa. Mgeni wa kwenye meza ya peke yake alistahili kulishwa.

Kwa sababu hiyo hiyo rafiki wa kulipwa alishindwa, na sidhani kwamba posho kufika kwa wakati kungebadilisha lolote. Mle ndani mwenye shida alikuwa mmoja na mwenye kusaidia mmoja, na hakuna aliyekuwa na la kudai kwa mwenzake. Mratibu alihesabu saa za mazungumzo, na saa hizo zilipatikana kweli. Hakuhesabu nani katika saa hizo angehitaji jibu.

Marufuku ya Kiingereza nayo ingeweza kudhuru kama ingefika mbali zaidi. Mwanafunzi hakuacha wenzake wa kujitolea hata baada ya Februari. Alikutana nao Jumapili mchana, na kwa maoni yangu alifanya vema, kwa kuwa mtu anayeonekana mjinga wiki nzima katika lugha ya watu anahitaji mahali pa kuwa mwerevu kwa saa mbili. Tofauti ni kwamba hapo mwanzo hakuwa na mahali pengine.

Kuhusu Krismasi, lawama imegawanyika. Kutoaga lilikuwa kosa, na lilitambuliwa hivyo. Lakini kituo kinachopeleka wanafunzi wa Kiswahili kwenye nyumba za Kilimanjaro kinajua kwamba Desemba nyumba hizo hurudi kwenye Kichaga, na hakuna aliyemwandaa mwanafunzi kwa hilo, wala kumwambia mama kwamba mtu anayejifunza lugha moja anaweza kuvunjika moyo akizungukwa na nyingine. Kazi ndogo ya mkono, kumenya au kuchota maji, ingembeba siku tatu zile bila lugha yoyote. Karatasi ile ile ilimnyima.

Aliyesahauliwa katika uamuzi wa Januari ni dada wa kazi. Yeye ndiye aliyezungumza Kiswahili siku nzima ndani ya nyumba ile, yeye ndiye aliyeambiwa kwanza safari ya kutoroka mlimani, na hakuitwa kwenye kikao. Alipoona mzungu anaosha vyombo alidhani anapunguziwa kazi ili aondolewe, akanuna kwa wiki mbili, na safari za kwanza za Mbuyuni zilikuwa za kimya kirefu. Mwanafunzi alipomuuliza ndipo alipopata kumweleza hofu yake. Mwongozo mpya wa kituo sasa una kifungu kuhusu kazi za mwanafunzi, lakini bado hauna neno juu ya mfanyakazi wa ndani. Mratibu amependekeza aelezwe mpango mzima mbele ya mwajiri wake kabla mwanafunzi hajafika, na kwamba akimsaidia mwanafunzi sokoni apewe kitu kwa muda wake. Baadhi ya wenyeji wamekubali, wengine wanasema kituo kinaingilia nyumba zao, na hadi ninapoandika mjadala huo haujaisha.